Bendera ya Ikabodi: Habari za Waliongoja Mumias



Kamati ya yubile iliniomba niandike kurasa chache za historia. Mambo ya kwaya yenyewe, yaani walioianzisha, walimu walioifundisha na safari zake, yameelezwa na wengine ndani ya kijitabu hiki, nao wanayajua kuliko mimi. Mimi nimepewa kazi ya kueleza yaliyotangulia: injili tunayoiimba ilifikaje huku kwetu, na kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo kufika.

Nimeikubali kazi hii kwa sababu moja. Kila siku ya shangwe kanisani huwa na watu wa aina mbili. Yupo anayeimba kwa furaha kwa kuwa ombi lake limejibiwa. Na yupo anayesimama naye bega kwa bega, amevaa joho lile lile, ameshika sauti yake vizuri, lakini moyoni ana ombi la miaka mingi ambalo hajaona jibu lake. Historia hii ni ya wote wawili, ila nimeiandika hasa nikimfikiria huyu wa pili.

KABURI LA MOMBASA

Mnamo Mei 1844 mmishenari Mjerumani aliyeitwa Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Hakukaa bure. Alianza mara kujifunza Kiswahili, na baada ya wiki chache alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Lakini mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike akiwa katika homa kali, akafariki, na mtoto naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mkewe akazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na Krapf akawaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni alama ya kwamba kazi imeanza.

Mnamo 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakafungua kituo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Krapf alikuwa na maono makubwa. Aliona mlolongo wa vituo vya injili ukivuka Afrika kutoka bahari ya mashariki hadi bahari ya magharibi. Hali halisi ilikuwa tofauti kabisa. Mmoja wa walioamini kwanza alikuwa kilema maskini aliyeitwa Mringe, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Krapf akaugua tena, akarudi kwao. Rebmann akabaki. Alikaa miaka 29 bila kwenda nyumbani hata mara moja, na alipoondoka mnamo 1875 alikuwa kipofu. Akafa mwaka uliofuata. Waumini aliowaacha Rabai wangeenea katika mabenchi machache tu ya kanisa letu.

Ukifanya hesabu ya kibinadamu, hiyo ni hasara. Makaburi ni mengi, macho ya mtu yamepotea, na ule mlolongo wa vituo haujafika hata Voi, sembuse Kakamega.

ASKOFU APITA, SHEMASI ANGOJA

Sasa tuje huku kwetu. Kutoka Kakamega hadi Mumias ni mwendo mfupi kwa matatu, na wengi wetu tuna ndugu huko. Wakati ule Mumias palikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Wafanyabiashara Waswahili walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, mtawala wa Wanga. Hapo msafiri alipata chakula, alipumzika, na kujiandaa kwa sehemu ya mwisho ya safari. Mnamo 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika hapo akitokea pwani kwa kupitia nchi ya Wamaasai, na akaonyesha kwamba njia hiyo fupi inapitika.

Habari hizo zilimvutia James Hannington, aliyekuwa amewekwa wakfu mnamo 1884 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa sehemu hii ya Afrika. Kanisa changa la Buganda lilikuwa chini ya uangalizi wake, naye alitaka kulifikia. Alikwisha kujaribu njia ya kusini miaka michache kabla, akaugua sana hata ikabidi arudishwe Uingereza. Safari hii akaamua kupita njia ya Thomson.

Kabla ya kuondoka, mnamo 1885, alifanya jambo moja ambalo historia haikulipa uzito unaostahili. Aliwaweka wakfu Waafrika wawili kuwa mashemasi, William Jones na Ishmael Semler. Jones alitekwa akiwa mtoto akauzwa utumwani. Alikombolewa, akapelekwa India na kulelewa katika shule ya wamishenari huko Nasik, kisha akarudi Afrika Mashariki kufanya kazi Rabai. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa nyumbani kwao, na Mungu akampa nyumba nyingine katika kanisa. Hannington alipoondoka Rabai mwezi wa Julai 1885 akiwa na wapagazi karibu 200, shemasi Jones alikuwa msaidizi wake mkuu.

Walifika Kwa Sundu mwezi wa Oktoba, Nabongo Mumia akiwa ndiye mtawala. Hapo msafara ukagawanyika. Askofu alichukua watu 50 akaendelea mbele haraka kuelekea ziwani na Busoga. Jones akaachwa Mumias na watu wengine wote, angoje hadi aitwe.

Tutue hapa kidogo. Fikirini mtu aliyepewa kazi ya kungoja. Hakupewa kazi ya kuhubiri, wala ya kufungua shule, wala ya kujenga. Kazi yake ilikuwa kukaa katika mji wa ugenini, kuwalisha watu zaidi ya mia, kuwatuliza wasigombane wala kutoroka, na kuitazama njia ya magharibi kila asubuhi. Sisi hudhani kwamba kungoja ni kukaa bure. Aliyewahi kungoja majibu ya hospitali, au kesi ya shamba, au mtoto aliyeondoka nyumbani, anajua kwamba kungoja kunamaliza nguvu kuliko kulima.

BENDERA YA BULUU

Alichokuwa akikingoja Jones hakikuja. Askofu alipofika Busoga alikamatwa kwa Luba, mtawala wa hapo. Huko Buganda, Kabaka Mwanga alikuwa amejaa hofu. Tayari, tarehe 31 Januari mwaka huo huo, vijana watatu wa kanisa, Mako Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, walikuwa wameuawa. Na sasa Mzungu alikuwa akija kwa njia ya mashariki, ambayo kwa imani ya Waganda ndiyo njia ya yule atakayeimeza nchi. Kuua hakuna udhuru. Lakini tuseme kweli, hofu ya Mwanga haikuwa ya kijinga, maana miaka 10 haikupita kabla ya Buganda kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Amri ikatolewa. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa, akiwa na umri wa miaka 38, na pamoja naye wakauawa karibu wapagazi wake wote. Wanne tu ndio waliojulikana kuponyoka.

Habari zikarudi Mumias. Jones hakuondoka mara moja. Aliendelea kungoja wiki kadhaa, huenda yupo mwingine aliyesalia. Mwishowe akawakusanya watu wake wakaanza safari ndefu ya kurudi pwani. Mapema mwaka wa 1886 watu wa Rabai waliona msafara ukipanda kilima, nao ulikuwa umetanguliwa na bendera ya kitambaa cha buluu. Juu yake palikuwa pameshonwa kwa herufi nyeupe neno moja: IKABODI.

Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hilo. Limo katika 1 Samweli sura ya 4. Israeli wameshindwa vitani, sanduku la agano limetekwa na Wafilisti, mzee Eli ameanguka na kufa, na mkwewe anajifungua kwa uchungu na kumpa mtoto jina hilo, ambalo maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Mimi simlaumu William Jones kwa bendera ile. Wapo wahubiri ambao wangetaka ashone neno la ushindi. Yeye alikuwa amemwacha askofu wake na wenzake wengi katika nchi ya mbali, na Rabai kulikuwa na wanawake waliokuwa wakiwatazamia waume ambao hawangerudi. Aliandika alichokiona. Imani haitudai tuseme uongo juu ya maumivu yetu. Zaburi zenyewe, ambazo kwaya hii imeziimba kwa miaka hamsini, zimejaa watu wanaomuuliza Mungu, hata lini?

Lakini Jones alikuwa mtu wa Biblia, naye bila shaka alijua kwamba kitabu cha Samweli hakiishii sura ya 4. Soma sura ya 5 na ya 6. Sanduku lilikaa kwa Wafilisti miezi saba. Hakuna jeshi la Israeli lililokwenda kulikomboa. Lilirudi lenyewe, juu ya gari jipya lililovutwa na ng'ombe wawili wenye ndama, ambao hakuna aliyewaongoza. Watu wa Beth-shemeshi walikuwa bondeni wakivuna ngano yao. Waliinua macho tu, wakaona linakuja. Lilikuja kutoka upande wa maadui, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

INJILI YAJA KUTOKA MAGHARIBI

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu pia, nami naomba mfuatane nami pole pole, maana ndicho kiini cha makala hii.

Hannington alitoka mashariki kwenda magharibi. Alipita hapa kwetu, lakini hakuja kwetu. Mumias palikuwa mahali pa kupumzikia, wala hatuna kanisa aliloanzisha hapa. Mzee wa Wanga aliyeona msafara ule ukipita, kisha akaona mabaki yake yakirudi nyuma ya bendera ya msiba, angekuwa na haki ya kusema kwamba jambo la dini ya watu wale limekwisha.

Huko Buganda mateso yaliongezeka. Mnamo Juni 1886 waumini wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo. Lakini kanisa lile halikufa. Lilikua hata likaanza kutuma watu nje. Mifupa ya Hannington ilikuwa imeletwa kutoka Busoga hadi Mumias, ikalala katika udongo wetu kwa muda. Kisha Askofu Alfred Tucker akaichukua, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa kwa heshima katika kilima cha Namirembe, huko Kampala. Askofu aliyetaka kufika Buganda akafika hatimaye, miaka saba baada ya kufa, akitokea Mumias.

Kisha mambo yakageuka. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mnamo 1902 sehemu hizi zetu, ambazo zilikuwa za Uganda kiserikali, zikahamishiwa upande wa Kenya. Lakini kikanisa tulibaki chini ya Uganda hadi mnamo 1921. Kwa hiyo Waanglikana walipokuja kufungua kazi huku hawakutoka Mombasa. Walitoka Uganda. Padri J. J. Willis alianzisha Maseno mnamo 1906, na mnamo 1912 yeye mwenyewe akawa Askofu wa Uganda. Mwaka huo huo wa 1912 Padri Walter Chadwick alifungua kituo Butere. Dada yake, Jane Elizabeth Chadwick, akaanza kuwafundisha wasichana hapo mnamo 1916, na kutoka katika kazi hiyo ikatokea shule ya wasichana ya Butere, ambayo baadhi ya akina mama wanaosoma maneno haya walisomea. Walter hakuiona ikikua. Alikwenda na wapagazi wetu waliochukuliwa kwa nguvu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafariki mnamo 1917.

Ndugu zetu wa madhehebu mengine nao walikuja katika miaka hiyo hiyo. Marafiki walifika Kaimosi mnamo 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakaingia Mumias mnamo 1904 na Mukumu mnamo 1906, na Kanisa la Mungu likaanza Kima mnamo 1905. Tangu bendera ya Ikabodi hadi hapo, hata miaka 25 haijatimia.

Angalieni basi njia ya injili. Ilipita kwetu ikienda mahali pengine. Huko ilipokwenda ilionekana imeuawa. Kumbe huko ndiko ilikota mizizi, na kutoka huko ikarudi ikatukuta. Aliyekuwa akiitazama njia ya mashariki, njia ya pwani, angengoja bure. Ahadi ilikuja kutoka upande wa msiba wenyewe. Hata Busoga hapakusahaulika. Mwana wa Hannington, Joseph, alikwenda kuhudumu huko, na akambatiza mwana wa yule yule Luba ambaye baba yake aliuawa mikononi mwake.

MTU ALIYEITWA HABAKUKI

Nina jambo moja zaidi la kusimulia.

Mnamo 1914, miaka miwili baada ya Butere kufunguliwa, alizaliwa mtoto wa Kiluhya huko Esabalu, karibu na Maseno. Alisoma Maseno na Alliance, akawa mwalimu, kisha kasisi. Jina lake ni Festo Habakkuk Olang'. Tarehe 15 Mei 1955 yeye na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu kuwa maaskofu, wakiwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuipata daraja hiyo katika kanisa la Kianglikana. Ibada hiyo, iliyoongozwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, haikufanyika Nairobi wala Mombasa. Ilifanyika Namirembe.

Sijui kama siku hiyo mtu yeyote alikumbuka Mumias. Lakini sisi tukumbuke. Askofu aliyepita katika nchi yetu akauawa alikuwa amelala katika kilima kile, na mifupa yake ilikuwa imetoka katika udongo wetu. Baada ya miaka 70 mtoto wa nchi ile ile alipiga magoti katika kilima kile akawekewa mikono. Mnamo 1961 Olang' akawa askofu wa Maseno, na mnamo 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Mnamo 1975 Biblia nzima ikatoka katika Oluluyia, na bibi zetu wakaweza kumsoma Nyasaye kwa lugha waliyoombea tangu utoto. Leo Mumias, mahali ambapo shemasi Jones alingoja, kuna dayosisi.

Jina la Habakuki nalo si la kupita hivi hivi. Ni nabii aliyemlalamikia Mungu waziwazi kwamba anaomba na hasikiwi. Akapanda mnarani angoje jibu. Akaambiwa aiandike njozi, kwa kuwa ina wakati wake, na hata kama inaonekana kuchelewa, aingojee. Wazazi wa Esabalu walipompa mtoto wao jina hilo hawakujua walichokuwa wakikitaja.

BASI TUSEME NINI?

Naweza kusikia mtu akisema: "Hiyo ni historia nzuri, lakini mimi sina miaka 70." Ni kweli, na sitaki kulipita neno hilo kwa wepesi. Yupo kati yetu aliyehitimu chuo miaka mingi iliyopita na bado hajapata kazi. Yupo mama aliyeombea mtoto wake aache pombe, na kila Ijumaa usiku anasikiliza mlango. Yupo aliyeombea mgonjwa kwa kufunga, na mgonjwa akafa. Kumwambia mtu huyo kwamba subira huvuta heri na kumwacha hapo ni kumtwika mzigo mwingine.

Kwanza, tutofautishe ahadi ya Mungu na ratiba yetu. Mungu hakumwahidi Hannington kwamba atafika Buganda akiwa hai. Hilo lilikuwa ombi lake, tena ombi jema. Ahadi ilikuwa kwamba injili itafika miisho ya nchi, na hiyo haikuvunjika. Mara nyingi tunalia kwamba Mungu amechelewa, kumbe tumeweka tarehe sisi wenyewe na kutia sahihi kwa jina lake. Hili halifuti machozi, lakini linatuzuia kumwita Mungu mwongo kwa neno ambalo hakulisema.

Pili, wengi wa waaminifu hawakuona. Krapf alikufa mnamo 1881 kabla injili haijafika kwetu. Rosine hakuona hata mtu mmoja akibatizwa Rabai. Wale wapagazi waliouawa na askofu hatujui hata majina yao, ijapokuwa nao walikuwa na mama na wake na watoto. Waebrania sura ya 11 inasema wazi kuhusu watu wa namna hiyo: walikufa wangali wanaamini, bila kuzipokea zile ahadi, wakiziona tu kwa mbali. Biblia haikuwaita walioshindwa. Iliwaweka katika orodha ya mashujaa.

Tatu, wakati wa kungoja kuna kazi. Jones aliwalinda watu wake Mumias, na alipopata habari mbaya hakuwatawanya. Aliwarudisha nyumbani. Kama angekata tamaa akawaacha kila mtu ajitafutie njia, msiba ungekuwa mkubwa mara mbili. Anayengoja kwa imani huwatunza aliokabidhiwa. Mama anayesikiliza mlango usiku ana watoto wengine wa kuwalisha asubuhi, na katika kuwalisha huko kuna imani kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

YUBILE YETU

Katika Walawi sura ya 25, mwaka wa hamsini tarumbeta ilipigwa, watumwa wakaachiliwa, na kila mtu akarudi katika milki yake na kwa jamaa yake. Fikirini mtu aliyeuzwa katika mwaka wa pili baada ya yubile. Angengoja karibu miaka hamsini. Wengi wa namna hiyo hawakuisikia tarumbeta. Watoto wao waliisikia.

Ndivyo ilivyo leo katika kwaya yetu. Katika picha za zamani zilizomo humu mtawaona watu ambao hawatasimama nasi kuimba. Baadhi yao waliomba mambo waliyoondoka kabla hawajayaona. Walitaka kanisa lijae vijana, walitaka watoto wao warudi kwa Bwana, walitaka nyimbo walizozitunga zisipotee. Walifanya mazoezi kwa taa ya kandili na kurudi nyumbani gizani. Isukuti zikilia Jumapili hii na vijana wakiingia kwa mwendo kutoka mlangoni, hao ndio watakaokuwa wakijibiwa. Tuliozaliwa baadaye tu sehemu ya jibu la maombi ambayo hatukuyasikia yakiombwa.

Na wewe ambaye bado unangoja, usione aibu kuja na bendera yako ya Ikabodi. Ilete hapa hapa madhabahuni. William Jones aliibeba yake hadi ndani ya Rabai, kati ya watu wa Mungu, wala hakuificha. Lakini usiishone macho. Endelea kuvuna ngano yako bondeni, endelea kushika sauti yako katika kwaya, na mara moja moja inua macho. Tena usitazame njia moja tu. Sisi watu wa Kakamega tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba Mungu wetu huweza kupita njia ya mashariki akarudi kwa njia ya magharibi, na akirudi, hutukuta.

Mungu aibariki kwaya yetu, awafariji wanaongoja, na awape watoto wetu kuimba yubile ambayo sisi hatutaiona. Amina.